Kinyonga wako amekuwa mweusi: anza kwa kuangalia saa

Lugha yetu humwita mtu kigeugeu "kinyonga", na wanaoanza kufuga hudhani mnyama huyu hujigeuza ili afanane na anapokaa. Imani hiyo itakupoteza. Rangi yake inategemea zaidi joto, mwanga na hali ya mwili na moyo wake.

Ndani ya ngozi kuna seli zenye vifuwele vidogo mno vinavyoakisi mwanga. Kinyonga chui wa Madagaska akitulia, vifuwele hukaribiana na ngozi huonekana ya kijani. Akimwona mpinzani, vifuwele huachana, njano na nyekundu zikajitokeza. Weusi una asili nyingine: ni melanini, yaani chembe za rangi nyeusi, inayosambaa ndani ya seli zake. Kwa hiyo zile rangi kali ambazo mgeni huzipiga picha kwa furaha, mara nyingi ni za mnyama aliyekasirika.

Ukimkuta mweusi asubuhi, tazama alivyokaa. Anayeota joto hubapa ubavu na kuuelekeza kwenye taa. Upande huo unaweza kuwa kama mkaa huku wa pili ukiwa kijani. Hilo ni la kawaida, na akishapata moto hurudi rangi yake. Akishinda mweusi chini ya taa hadi adhuhuri, pima joto pale mgongo wake unapofika, si kwenye ukuta wa kizimba. Dume mzima wa kinyonga wa Yemeni anahitaji takriban nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi mahali pa kuota. Jike na wadogo huhitaji pungufu kidogo. Usimsogezee taa kwa haraka: kishungi cha kichwani huungua kabla hajajua kuhama.

Akipauka na kuachama mdomo chini ya taa bila mtu karibu, joto limezidi. Akiachama, akafutuka na kuzomea unapoingiza mkono, ni woga. Akiachama huku ameinua kichwa na pumzi inatoa mlio, huo ni ugonjwa wa njia ya hewa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Kupauka usiku akiwa usingizini hakuna shida, mradi usimmulike tochi kila saa kumchungulia.

Msongo wa kweli hauji na rangi peke yake. Kinyonga mwenye msongo huzunguka nyuma ya tawi ukimkaribia, hukataa kula, huparura wavu akitafuta njia ya kutoka, au hufumba macho mchana. La mwisho ndilo baya kuliko yote.

Chanzo huwa ni mahali. Kizimba cha sentimita 60 kwa 60 kwa 120 kikiwekwa sakafuni, kila mtu anamjia kutoka juu kama mwewe. Kiinue hadi tawi lake la juu lipite macho yako, ziba pande tatu, jaza majani. Ondoa kioo anachoweza kujiona, na usimweke na mwenzake hata kama "wanaelewana": mmoja huwa ameshindwa tu na amenyamaza. Aliyefika karibuni mwache wiki mbili bila kumshika; kazi yako ni maji, chakula na usafi. Wadudu wasioliwa watoe kabla ya giza, maana nyenje humng'ata akilala.

Jike mzima wa Yemeni akiwa mweusi-kijani wenye madoa ya njano na buluu, huenda ana mayai, hata kama hajawahi kuona dume. Mwekee chombo cha mchanga mbichi unaoshikamana, kina cha sentimita 30 hivi, na akianza kuchimba funika kizimba asikuone. Asipopata pa kutagia, mayai hukwama na anaweza kufa.

Ngozi iliyofifia na kuwa ya kijivu siku chache tu ni kujichuna, usimbandue. Macho yaliyozama na ile sehemu nyeupe ya kinyesi ikiwa ya rangi ya chungwa ni kiu. Bakuli halimsaidii, kwani yeye hulamba matone: nyunyizia majani dakika mbili au zaidi, mara mbili kwa siku.

Doa jeusi lisilobadilika asubuhi wala usiku si hisia. Ni mchubuko, kuungua au maambukizi. Lipige picha kwa saa ileile siku mbili mfululizo, kisha nenda kwa daktari na picha hizo pamoja na vipimo vya joto, na tarehe uliyonunua taa ya UVB (ile ya mionzi kama ya jua).