Shangazi, miaka yangu 7 ndiyo imepotea?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Namtunza bibi wa miaka 88 hapa Torino, mwaka wa 7 sasa. Juni 2025 Waitalia walipigia kura pendekezo la kupunguza miaka ambayo mgeni lazima aishi Italia kabla ya kuomba uraia, kutoka 10 hadi 5. Nilimsukuma bibi kwenye kiti chake akapige "ndiyo". Mimi nikabaki mlangoni. Halikupita. Nirudi zangu Tanga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukushindwa na "hapana". Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30, na sheria yataka zaidi ya nusu. Waliolala majumbani ndio waliokuangusha!

Tanga haihami, na miaka yako 7 bado yahesabika kwenye ile 10. Ukibadili nyumba, wahi manispaa uandikishe anwani. Pengo kwenye daftari la wakazi laweza kukurudisha mwanzo wa hesabu. Mtihani wa Kiitaliano unaotakiwa kwa uraia, ngazi ya B1 (ya kati), ufanye sasa, bibi angali anakusahihisha.