Mfupa uliokataa kuunga

SWALI: Shikamoo daktari. Nilivunjika mfupa wa muundi miezi minane iliyopita na haujaunga. Nimeshauriwa kuvaa koili ya sumakuumeme kila siku. Itasaidia? Na gegedu la goti lililosagika, litaota tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, miezi minane ya magongo inachosha mwili na moyo.

Ushauri huo una msingi. Mwaka 1957 Wajapani Eiichi Fukada na Iwao Yasuda walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa umeme kidogo. Koili, yaani waya uliozungushwa na kupitishwa umeme, hujaribu kuziamsha seli za mfupa kwa njia inayokaribiana na hiyo: uga wa sumaku unaopigapiga huzalisha mkondo dhaifu ndani ya tishu, bila kisu. Marekani iliidhinisha vifaa vya aina hii mwaka 1979 kwa mivunjiko iliyogoma kuunga. Hata hivyo majaribio kwa wagonjwa yamepingana, na mimi siiweki koili mbele ya mambo ya msingi. Je, mfupa umeshikiliwa imara? Kuna maambukizi? Unavuta sigara? Sigara, nakusihi, iache leo. Ncha za mfupa zikiwa zinachezacheza au zimeachana mno, koili haitaziunganisha. Ukipewa koili, ivae saa zote ulizoandikiwa. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, sema kabla ya kuiwasha.

Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ni habari nyingine. Halina mishipa ya damu, hivyo hujirekebisha kwa shida. Maabara zimeona seli zake zikichangamka chini ya uga huo. Kwenye goti, tunachoweza kutarajia ni nafuu kidogo ya maumivu, si gegedu jipya.