Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Zinazougua kwa Zamu

Swali: Ndugu mafundi, salamu kutoka Birere, Goma. Tuna duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta 12, printa 2 na seva ya stoku. Tangu mwezi uliopita, kila asubuhi kompyuta tatu au nne hazioni printa, seva wala intaneti, ingawa alama ya wifi imejaa. Tukizizima na kuziwasha zinapona, halafu zinashikwa nyingine. Kampuni inayotupatia intaneti imekuja mara mbili ikasema kwake hakuna kasoro. Tubadilishe kampuni?

Jibu: Msibadilishe. Intaneti ya nje ikikatika, printa haina sababu ya kupotea, maana iko humo humo dukani. Vikipotea vyote kwa pamoja, tafuteni ndani kwanza. Na ugonjwa unaohama kutoka kompyuta hii kwenda ile, mara nyingi chanzo chake ni vifaa viwili vinavyogawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kompyuta) katika mtandao mmoja.

Kompyuta ikiwaka huuliza mtandao mzima nani ataipa anwani, na kazi ya kujibu ni ya ruta, kile kifaa kinachounganisha duka na intaneti. Kukiwa na kifaa cha pili kinachojibu, anayewahi ndiye anayesikilizwa. Ndiyo sababu leo anaugua huyu, kesho yule.

Kwenye kompyuta isiyougua na kwenye iliyougua, fungueni dirisha la amri (cmd) mwandike `ipconfig /all`. Windows nyingi za kwetu ni za Kifaransa, kwa hiyo angalieni mistari ya «Adresse IPv4» (anwani ya kompyuta), «Passerelle par défaut» (mlango wa kutokea) na «Serveur DHCP» (mgawaji wa anwani). Tuseme isiyougua ina 192.168.1.37 na mgawaji wake ni 192.168.1.1, huku iliyougua ina 192.168.0.102 na mgawaji 192.168.0.1. Huyo wa pili ndiye mvamizi. Mkiwa bado kwenye kompyuta iliyougua, andikeni 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia kwa kawaida huonyesha chapa ya kifaa, nanyi mtajua mnatafuta nini. Kwa kawaida ni ruta ndogo ya wifi ambayo mtu aliileta ili simu yake ishike vizuri nyuma ya duka, akachomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani).

Kuna hali inayochosha zaidi: vifaa vyote viwili vimetoka kiwandani na anwani ile ile, 192.168.1.1. Hapo mistari yote inafanana. Andikeni `arp -a` kwenye kompyuta mbili na mlinganishe anwani halisi ya kifaa iliyo mbele ya 192.168.1.1. Zikitofautiana, mko na wagawaji wawili.

Ruta hiyo ndogo msiitupe. Ichomoeni kwenye mtandao, iunganisheni na kompyuta moja tu, zimeni DHCP yake (ugawaji wa anwani), ipeni anwani 192.168.1.2, kisha irudisheni kwenye kebo ya ukutani kwa tundu lile lile la LAN. Sasa itasambaza wifi bila kugawa anwani. Kwenye kompyuta zilizougua andikeni `ipconfig /release`, halafu `ipconfig /renew`. Printa na seva zipeni anwani za kudumu, kwa mfano zinazoishia na .10, .11 na .12, na ruta kubwa ianze kugawa kuanzia .100.

Mkikuta anwani inayoanza na 169.254, huo ni ugonjwa mwingine: hakuna aliyejibu kabisa. Ama kebo imekatika, ama anwani zimekwisha. Ruta inayogawa kuanzia .100 hadi .149 ina nafasi 50 tu, na simu za wateja hujaza nafasi hizo kabla ya saa sita mchana. Wateja wapewe wifi yao ya pembeni, na muda wa kushika anwani upunguzwe hadi saa 2.

Swali: Depo yetu iko mita 130 kutoka biro, huko Ndosho. Tulivuta kebo ya mtandao juu ya nguzo. Inashika kasi ya 100 badala ya 1000 (megabiti kwa sekunde), na radi imeshaunguza swichi mbili. Je, tununue kebo nzito zaidi?

Jibu: Hapana. Kebo hizi zina kikomo cha mita 100, ikiwa nzito au nyembamba. Kasi ya 1000 hutumia nyaya zote 8. Ya 100 hutumia 4 tu, yaani 1, 2, 3 na 6. Kwenye kebo fupi, kushuka hadi 100 kunawafanya mshuku 4, 5, 7 na 8 kwenye viunganishi. Kwaruzeni pia waya mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo mngeikataa hata kwa mita 20.

Ila kwenu tatizo kubwa ni radi. Shaba iliyopita hewani kati ya majengo mawili huibeba moja kwa moja hadi kwenye swichi. Tena Goma imejengwa juu ya mawe ya lava. Fimbo ya ardhi haizami kirahisi, na hata ikizama mwamba haupitishi umeme vizuri. Vuteni faibaoptiki ya nje isiyo na chuma ndani, mita 150 ili mbakize akiba, pamoja na vibadilishi viwili vya kugeuza mwanga kuwa ishara za kebo, kimoja kila upande. Vikiwa vya uzi mmoja, kimoja kiwe cha aina A na kingine B. A kwa A haviwasiliani. Kioo hakipitishi umeme. Radi bado inaweza kuingia kwa waya wa umeme wenyewe, kwa hiyo kinga ya upande huo ibaki palepale.

Swali: UPS yetu (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) inalia muda wote jenereta likiwaka, halafu betri inakwisha na ruta inazima.

Jibu: Jenereta dogo mara nyingi haliwezi kushikilia mzunguko wa umeme wa Hz 50, hivyo UPS inaukataa umeme wake na kula betri. Kama UPS yenu ina mpangilio wa wepesi wa kuhisi, ushusheni kabisa. Kwa ruta peke yake kuna njia rahisi: betri ya V 12, Ah 18. Ruta inayokula W 18, mkitumia nusu tu ya betri, itakaa saa 6. Wekeni kirekebishi cha V 12 katikati, kwa sababu betri inayochajiwa hufika karibu V 14.