Riwaya ikisema "mimi", muulize huyo mimi ni nani

Kuna riwaya watu huziacha katikati wakasema ni ngumu, na mara nyingi hata si ngumu, ni vile anayesimulia ana namna yake na msomaji anangoja asimuliwe kama taarifa ya habari. Mie nasoma vitabu na wenzangu hapa Amu (Lamu), wengine wamemaliza sekondari majuzi, wengine ni kina mama wa nyumbani, kuna na nahodha mmoja wa jahazi anayesoma kutushinda wote, na kwa kukaa nao nimeona kwamba riwaya ya nafsi ya kwanza inataka usomaji wake. Anayesema "mimi" si mwandishi. Ni mtu aliyetungwa, ana macho yake na tamaa zake, ana mambo hayajui na mambo anayaficha, na kila kitu unachokijua wewe kuhusu dunia ya kile kitabu kimepita kwake kwanza ndo kikakufikia.

Kwa hivo kabla hujafika mbali tafuta kwanza: anaongea na nani, yuko wapi, na yamemkuta nini mpaka akaanza kuongea? Sie huku hili tunalo kitambo. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, ni sauti ya mama mgonjwa anamuusia binti yake. Ukisahau ule ugonjwa, ukasahau kwamba ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na kwamba anayesikiliza ni mwanawe wa kumzaa, utaona ni amri juu ya amri, mke afanye hivi mke asifanye vile, na nimesikia wasichana wengi wakiulalamikia hivo. Ukiyarudisha hayo yote mahali pake unaanza kumsikia mtu mwenye haraka, anataka kumwachia mtoto kitu cha kumlinda kabla hajaondoka. Si lazima ukubaliane naye, lakini sa angalau unajua nani anasema na kwa nini.

Sasa njoo kwa Sozaboy ya Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa Nigeria, ilotoka 1985. Msimulizi ni Mene, kijana wa kijiji cha Dukana, taniboi wa lori anayejifunza udereva, shule yake ni ya msingi tu, na anasimulia kwa Kiingereza kilichovunjika ambacho mwandishi mwenyewe alikiita kibovu palepale kwenye jalada. Anaingia jeshini manake anampenda Agnes na Agnes anataka mwanamume wa kumlinda vita ikija, na pia manake kuna mzee pale kijijini, Zaza, anayejisifu kila siku vile alivyopigana Burma. Basi. Hizo ndo sababu zake za kwenda vitani. Mie nilipoianzisha hii kwenye kikundi chetu kijana mmoja akaniambia, "Maalimu, huyu jamaa mbona hajui hata anapigana na nani?" na akataka tuiwache tuchukue nyingine. Nikamwambia subiri, hilo swali lako usilitupe, liandike pembeni ya ukurasa kwa penseli halafu endelea nalo.

Manake kitabu kizima kimesimama juu ya hilo swali. Vita yenyewe ni ile ya Nigeria ya 1967 hadi 1970, mtu mzima anayejua historia ataitambua, lakini Mene hakupi ramani wala siasa wala nani kaanza. Kuna mtu anaitwa Manmuswak, anamkuta upande huu, halafu Mene anazinduka hospitalini upande wa pili anamkuta tena ni huyohuyo Manmuswak anamhudumia, na Mene anashangaa tu, haelezi, hana la kueleza. Ingelikuwa imeandikwa na mtu anayejua yote, angekupa sura nzima juu ya watu wanaokula kwa kila upande wa vita na ungesema ndio nimeelewa, ukafunga. Hapa hupewi. Unabaki na mshangao wa Mene na kazi ya kuelewa unafanya wewe, na kwa vile umeifanya mwenyewe inakukaa. Kisha angalia hili, na mie ndo linaloniuma zaidi: Saro-Wiwa mwenyewe wakati wa vita alikuwa na upande, alikuwa upande wa serikali kuu akapewa kusimamia mji wa bandari wa Bonny. Mtu mwenye upande akamtunga msimulizi asiye na upande, asiyejua hata pande zenyewe ni zipi. Ungemchanganya Mene na mwandishi ungelikosa hilo lote.

Lugha nayo, wengi huona ni kikwazo. Isome kwa sauti. Wallahi jaribu, hata kama uko peke yako chumbani, manake ile sentensi inayokwenda inakwenda bila kituo ni pumzi ya mtu anayeogopa, na jicho peke yake halisikii pumzi. Sie tulipoanza kupokezana kusoma kwa sauti yule kijana alotaka tuiwache ndo akawa hataki kumpisha mwenziwe zamu.

Mene anajua kidogo kuliko sie wasomaji. Kuna wasimulizi wa kinyume chake, na hao ndo hatari. Kwenye Kichwamaji ya Kezilahabi, 1974, anayesema ni Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anaongea vizuri na anachambua kila mtu, na uchungu wake una hoja kweli. Msomaji kijana anambeba mzimamzima. Ushauri wangu kwa hiki ni mdogo: kila akikwambia mwanamke fulani yuko hivi, au wanakijiji wako vile, simama ujiulize yeye mwenyewe wakati ule alikuwa na hali gani ya moyo, halafu tazama yule mtu amefanya nini hasa mbali na alivyoambiwa yuko. Utakuta watu wa kando wana utu mwingi kuliko ule Kazimoto anaowapa.

Lakini kama nitakiwe kuchagua kimoja cha kumpa mtu wa Amu, ni By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, 2001. Saleh Omar, mzee kutoka Zanzibar, anashuka Gatwick kuomba hifadhi na kijisanduku cha udi, kapewa shauri ajifanye hajui Kiingereza. Anakaa kimya mbele ya ofisa, na wakati huohuo anatusimulia sie maneno mengi, mazuri, yenye madaha. Yaani mwanzoni tu ushaona mtu anayechagua nani wa kumwambia na nani wa kumnyamazia, na hata jina la kwenye paspoti si lake. Mie napenda kumuuliza mtu akifika hapo: sasa kama ofisa anafichwa, wewe una hakika gani hufichwi?

Halafu sehemu ya pili anaingia Latif Mahmud, naye anasema "mimi", na nyumba moja aliyoisimulia Saleh inarudi na hadithi nyingine, kwamba kwao walidhulumiwa. Ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ukaingia vichochoroni huku kila mtaa una nyumba ya urithi yenye hadithi mbili, na watu wa kila upande wanasimulia kwa machozi ya kweli. Kwa hivo wasomaji wa huku hawapati tabu na kitabu hiki, wanajua kwamba mtu anaweza kusema kweli yake yote na bado ukahitaji kumsikia wa pili. Tabu yao ni nyingine, wanataka haraka kujua nani mwenye haki. Usikimbilie huko. Ukimaliza ya Latif, kabla hujaendelea mbele, rudi ukasome tena zile kurasa za Saleh za mkopo na biashara na vile vyombo vya nyumba, na penseli mkononi, utie alama kila mahali alipopita mbio. Pale alipopita mbio usipaseme ni uongo, sehemu nyingine ni aibu, nyingine ni huzuni, na kuzitenganisha hizo mbili na uongo ndo raha yangu kubwa ya kukisoma hiki kitabu na wenzangu, manake hapo hatujawahi kukubaliana hata mara moja.