Kupikia masala ya chupa sio uvivu, acheni kutusema

Wiki hii nimeposti picha ya kuku wangu wa tikka masala, dada mmoja akaja inboksi, "mtoto wa Tanga mzima unapikia masala ya chupa, kwani kwenu hukufunzwa?" Nimemjibu kwa upole ila imenikaa moyoni, na kwa vile najua wengi wenu humu maisha yenu ni kama yangu, mnarudi usiku na watoto wanataka chakula cha maana sio mkate na chai, wacha niliseme lote leo.

Mimi nahudumia wazee hapa Leicester, Uingereza, shifti inaisha saa tatu usiku. Nyumbani nimefunzwa kusaga bizari, kutwanga thomu na tangawizi, kukaanga mpaka mafuta yaelee, na siku ya mapumziko napika hivyohivyo. Ila saa tatu na nusu usiku jamani nani anatwanga? Aliyenitoa aibu ni jirani yangu, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala, kaletwa hapa mtoto mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, na Kiswahili chake bado anacho. Nimeingia jikoni kwake nakuta chupa ya Patak's kabatini, nikashangaa, akaniambia "hao wenyewe wametokea huko kwenu". Na ni kweli, mzee Pathak aliyeianzisha kampuni hiyo ya masala alihama Kenya na familia yake kuja Uingereza mwaka 1956, wakaanza kwa kuuza sambusa na vitamu vyao London. Sasa kama mama yule hafichi chupa yake, mimi nifiche ya nini?

Haya, chupa zipo za namna mbili. Kuna kubwa ya sosi iliyokamilika unamwagia tu, na kuna ndogo ya masala mazito yenye mafuta yamesimama juu. Chukua ndogo. Ile kubwa unalipia maji, nyanya na sukari, na utamu wake mimi unanikera. Ila ndogo ni lazima uikaange, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu halafu wanasema masala ya chupa hayana ladha. Kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia kabisa, sio kulainika tu, ndio utie vijiko viwili vya masala moto ukiwa wa wastani, koroga usiondoke. Mwanzo utasikia harufu kali ya uchachu inakupanda puani, subiri, baada ya dakika mbili tatu inatulia inakuwa harufu ya bizari, na mafuta yanaanza kujitenga pembeni mwa sufuria. Hapo ndio unatia nyanya za kopo, halafu kuku. Tumia mapaja yasiyo na mfupa maana kidari kinakauka. Chumvi usiguse mpaka uonje, masala yameshatiwa chumvi ya kutosha. Kuku akishaiva tia tui la kopo kidogo, chukua majani makavu ya uwatu uyasugue kwenye viganja juu ya sufuria, na kotmiri. Mchele wa basmati ukiwa umeuinjika mapema vyote vinakuwa tayari pamoja. Siku ambayo hakuna kuku tia dengu za kopo, mapishi ni yaleyale.

Juzijuzi tulikuwa na shughuli, kila mtu kaja na sufuria yake, mimi nikaja na hiyo. Shangazi mmoja akaonja akaniuliza umetumia bizari za wapi, nikamwambia ukweli, akasukuma sahani mbele za watu, "aa, kumbe cha dukani". Nilinyamaza kwa adabu ila iliniuma sana. Na sufuria yangu ilirudi nyumbani tupu, naomba mjue.

Kwahiyo wadada, na nyie wakaka mnaokaa peke yenu mnakula chipsi kila siku, pikeni. Msingoje mpate muda wa kutwanga ndio mle vizuri, muda huo nchi hizi haupo. Kumlisha mtu chakula cha moto usiku ni mapenzi, na asiyejua umeamka saa ngapi asikupangie jiko lako.

Masala yakibaki kwenye chupa chota kwa kijiko kikavu, sawazisha juu, mwagia mafuta kidogo yafunike, rudisha friji. Ukichovya kijiko chenye maji yataota ukungu.