Kuziba njia ya panya mtaani kwa majaribio: vipimo vya mapipa na makosa ya kuepuka

Mkuu, umeuliza mtafanyaje kujaribu kuzuia magari yanayokatiza mtaani kwenu hapo Dar kukwepa foleni, ili watoto waende shule kwa miguu au baiskeli bila roho mkononi. Inawezekana tena kwa gharama ndogo, ila daftari litangulie mapipa.

Hesabuni Jumanne hadi Alhamisi, saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 1 jioni. Kila dakika 15 andikeni waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji na magari. Mtu mmoja akae kila mwisho wa mtaa akiandika tarakimu tatu za namba ya gari na muda. Gari lililoingia huku likatokea kule ndani ya dakika tatu halina shughuli hapo, linapita tu. Mtaa jirani nao uhesabiwe siku hizohizo, maana magari yakihamia huko, lawama zitatokea huko.

Kibali ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kupitia serikali ya mtaa, na trafiki wajue. Barabara ikiwa ya TANROADS, yaani barabara kuu au ya mkoa, hapo msiguse.

Wengi hukosea kwa kuziba katikati ya mtaa. Boza la maji linaingia, linakuta mapipa, linarudi kinyumenyume palepale watoto wanapopita. Zibeni kwenye njia panda, kimshazari, kona hadi kona: kila gari linakata kona na kuendelea, na kila nyumba inafikika. Mitaa yote miwili inayokutana hapo ikiwa na upana wa mita 6, mshazari ni kama mita 8.5. Mapipa manne ya lita 200 yanatosha, yakiachana mita 1.2 hivi. Uingereza hushauri angalau mita 1.5 kwa ajili ya baiskeli, lakini kwetu hapo bajaji inapenya, kwani ina mita 1.3. Mita 1.2 inapitisha kiti cha magurudumu na baiskeli ya mzigo.

Mapipa mawili ya pembeni yajazeni mchanga. Kila moja litafika kilo 300. Mawili ya katikati yabaki matupu, yafungwe mnyororo na kufuli, ufunguo mmoja uwe kwa mjumbe na mwingine zimamoto. Yakiondolewa, panapatikana zaidi ya mita 4 za kupitisha gari la zimamoto. Hili naomba msilipuuze hata kidogo. Yote manne yatobolewe matundu chini: maji ya mvua hayatatuama yakazaa mbu wa dengue, na hakuna atakayeiba pipa lisilohifadhi maji. Zungusheni stika za kuakisi mwanga, na msiyaweke juu ya mtaro.

Bodaboda zitapita, hakuna namna ya kuzizuia bila kumzuia mwenye kiti cha magurudumu. Wekeni tuta kila upande, na mzungumze na viongozi wa kijiwe kabla, si baada. Poblenou, kitongoji cha Barcelona, Hispania, magari ya kupita yalipozuiwa mwaka 2016, wakazi wengi walikasirika kwa sababu mabadiliko yaliwakuta ghafla.

Wiki tatu za mwanzo ni kelele tupu, madereva bado wanatafuta njia. Msiamue chochote hapo. Uingereza jaribio la namna hii huruhusiwa hadi miezi 18, na pingamizi hupokelewa miezi 6 ya mwanzo. Nyinyi ombeni angalau miezi mitatu, shule zikiwa zimefunguliwa, kisha hesabuni tena siku zilezile, saa zilezile.