Faiwoli ipo, lakini poti ya kamera iko wazi

Ofisi nyingi za Dodoma sasa zina faiwoli, kifaa kinachochuja kinachoingia na kutoka kati ya ofisi na intaneti. Ingia hoteli ya Area D, ghala la vifaa vya ujenzi Kizota au ofisi ya wahasibu Makole, utakiona kiboksi juu ya kabati, taa za kijani zinapepesa. Shida ni kwamba kiboksi kilichokaa zaidi ya mwaka mara nyingi huwa kimeshatobolewa, na aliyekitoboa si mdukuzi. Ni fundi wa kamera aliyetaka bosi aone duka akiwa Dar. Ni muuzaji wa programu ya mauzo aliyetaka kuingia kwenye seva bila kusafiri. Ni kijana wa IT aliyeambiwa "fungua tu kwanza, tutafunga kesho", na kesho yenyewe haijafika.

Kwa hiyo kabla hatujabishana ipi bora kati ya MikroTik, FortiGate, Sophos na pfSense, jua kwanza hiyo uliyonayo inazuia nini.

Ijaribu kutoka nje

Fungua ukurasa wa ruta uone anwani ya IP iliyopewa upande wa intaneti. Kisha, kwenye kompyuta ya ofisi, fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako. Zikifanana, una anwani ya wazi. Ikiwa ruta inaonyesha anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewabana wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hakuna wa nje atakayekufikia moja kwa moja, lakini hilo si kwa ujanja wa faiwoli yako. Siku mtakayonunua anwani ya kudumu, yote yaliyokuwa yamejificha yataanikwa saa hiyohiyo.

Mwenye anwani ya wazi azime Wi-Fi kwenye simu, awashe bando, kisha akague kwa programu kama nmap. Ukijaribu ukiwa ndani ya mtandao wa ofisi hujajaribu kitu. Angalia poti (milango yenye namba ambayo huduma za mtandao hupitia) 22, 80, 443, 445, 554, 3389, 8000, 8291 na 37777. Kagua anwani yako tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na anayepapasa mifumo ya wenzake.

Poti 3389 ni ile ya kuingia kwenye Windows kutoka mbali. Ikiwa wazi, roboti (programu zinazojiendesha) zitakisia nywila usiku na mchana, na seva ya hesabu yenye jina la mtumiaji "Administrator" na nywila ya jina la kampuni haichukui muda. Mwisho wake mara nyingi ni mafaili kufungwa kwa msimbo na ujumbe wa kudai malipo. Poti 445 ni ya kushirikishana mafaili. WannaCry, programu ya kufunga mafaili na kudai malipo, ya Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia hiyohiyo. Poti 8291 ni ya Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik. Mwaka 2018 liligundulika tundu lililomwezesha mtu kusoma nywila za ruta kupitia hapo. Rekebisho lilitolewa Aprili mwaka huohuo, ila ruta ambayo haijasasishwa tangu ifungwe haijui habari hiyo. Poti 8000 na 37777 ndizo za mashine za kurekodi kamera, Hikvision na Dahua kwa mpangilio huo.

Ukikuta poti ya kamera iko wazi na kila mtu anaapa hakuifungua, angalia UPnP, huduma inayofungua poti kwenye ruta kiotomatiki. Mashine nyingi za kamera zenyewe huiomba ruta izifungulie mlango, na modemu za watoa huduma nyingi hukubali bila kumuuliza mtu. Zima UPnP kwenye modemu na kwenye ruta.

Bosi bado atataka kuona duka akiwa safarini, na ana haki. Mpe WireGuard, aina ya VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti), badala ya poti iliyo wazi. RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, kuanzia toleo la 7 inayo, faiwoli za OPNsense na pfSense zinayo. Poti moja tu ya UDP (kawaida 51820) inabaki wazi, na asiye na ufunguo hajibiwi chochote, hivyo hata mkaguzi wa poti haioni. Kwenye simu ni programu moja na msimbo wa QR. Kwa walio nyuma ya anwani ya pamoja, WireGuard haitapokea mgeni kutoka nje. Ama nunua anwani ya kudumu, ama kodi seva ndogo ya nje yenye anwani ya wazi, ofisi na simu zikutane hapo.

Sheria za faiwoli husomwa kutoka juu kwenda chini

Hili ndilo kosa tunalolikuta kuliko mengine yote. Faiwoli husoma sheria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikipata inayolingana inaamua na kuacha zilizobaki. Fundi anaongeza sheria ya kuzuia, programu inaiweka mwisho kabisa, chini ya sheria inayoruhusu vyote. Kwa macho ipo. Kwa kazi haipo.

Dawa ni kutazama safu ya hesabu. Kwenye Winbox, kila sheria ina idadi ya baiti na pakiti (vipande vya data) zilizoipitia. Sheria ya kutupa maombi ya kutoka nje kwenye anwani ya wazi inapaswa kupanda wakati unaitazama, maana roboti hazilali. Ukiona sifuri iliyokaa hivyo wiki nzima, ujue kuna sheria juu yake inayokula kila kitu. Ivute juu, uitazame tena dakika mbili.

Pia tenganisha mambo mawili: *input* ni pakiti zinazokwenda kwa ruta yenyewe, *forward* ni zinazopita kwenda kwingine. Anayezuia 3389 kwenye *input* wakati seva iko ndani hajazuia kitu.

Sheria mpya ikionekana haifanyi kazi, usikimbilie kuandika nyingine. Muunganisho uliokuwa umeshafunguka huachwa uendelee, kwa sababu sheria ya juu kabisa huruhusu yaliyokwisha kuanza. Nenda kwenye orodha ya miunganisho, ufute ule wa kompyuta husika, ujaribu upya. Kadhalika, ukiweka kikomo cha kasi kwa wageni na kikomo kikapuuzwa, mshukiwa ni FastTrack: pakiti zinazopita njia hiyo ya mkato haziguswi na foleni za kasi. Ondoa mtandao wa wageni kwenye sheria hiyo.

Na kabla ya kugusa chochote ukiwa mbali, bonyeza Safe Mode. Ukijifungia nje, ruta itarudisha mpangilio wa awali ikishaona muunganisho umekatika. Usipoibonyeza, ni bodaboda hadi Nala saa mbili usiku.

Laini ya pili ni tundu la pili

Wengi wanaweka fiber pamoja na modemu ya 4G ya akiba. Kwenye MikroTik ndogo kama hEX, poti (hapa ni tundu la waya) ya kwanza ndiyo intaneti, na ya pili hadi ya tano zote ziko kwenye daraja (kundi la poti zilizounganishwa) moja linaloaminiwa kama mtandao wa ndani. Fundi akichomeka modemu ya akiba kwenye poti ya pili bila kuitoa kwenye daraja, faiwoli inauona mtandao wa mtoa huduma kuwa ni wa nyumbani. Itoe kwanza poti hiyo kwenye daraja, uiingize kwenye orodha ya WAN (upande wa intaneti), ndipo uchomeke waya.

Tatizo jingine ni laini ya akiba kutochukua zamu. Ruta ikiangalia tu kama modemu inajibu, itaridhika hata fiber ikikatwa na mtaro wa barabara huko mbele, maana modemu iko mezani na inajibu vizuri. Ielekeze ipime anwani ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8 kwa laini ya kwanza na 1.1.1.1 kwa ya pili, kila moja ikilazimishwa kupita njia yake. Hata hivyo watoa huduma wawili si lazima wawe njia mbili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, wenye laini mbili nao walikaa wakitazamana. Kabla ya kulipia ya pili, muulize mtoa huduma trafiki yake inatokea wapi.

Gawanya, hata bila swichi ya bei mbaya

Kompyuta ya keshia, kamera, printa na simu ya mgeni aliyelala chumba namba 12 havitakiwi kuonana. Njia safi ni VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa iliyotengana, na inataka swichi inayopangika. Kama bajeti haifiki, tumia poti za ruta: ya pili ofisi, ya tatu kamera, ya nne wageni, kila moja na mtandao wake, mfano 192.168.10.0, 192.168.20.0 na 192.168.30.0, kila moja na swichi yake ya kawaida. Kisha sheria tatu tu: ofisi iende kote, kamera zisiende intaneti, wageni waende intaneti, kwingine hapana. Usisahau kuwazuia wageni kwenye *input* pia, isipokuwa DNS (inayotafsiri majina ya tovuti) na DHCP (inayogawa anwani), la sivyo wataufungua ukurasa wa ruta wakiwa kitandani.

Wenye hoteli na gesti wana jambo lao. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, vyumba vinajaa na malalamiko huwa yaleyale: "Wi-Fi inashika lakini intaneti hakuna." Mara nyingi si kasi, ni anwani zimeisha. Mtandao wa kawaida una anwani 254. Vyumba 40 kwa vifaa vitatu ni 120, ongeza ukumbi wa mkutano wenye watu 150, umeshavuka. Modemu nyingi huikopesha simu anwani kwa saa 24, kwa hiyo aliyeondoka asubuhi bado ameshikilia nafasi yake. Punguza muda uwe saa moja au mbili, au panua mtandao wa wageni uwe /22, unaotoa anwani 1,022. Na kwenye vifaa vya Wi-Fi washa utengano wa wateja, simu za wageni zisichunguliane. Kompyuta ya mapokezi yenye namba za NIDA na za pasipoti ikae mbali kabisa na huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023 na anayewajibika kwa taarifa hizo ni wewe, si fundi.

Ukienda dukani

Kwenye karatasi ya sifa, namba ya kwanza ni ya kuvutia macho. FortiGate 40F imeandikwa Gbps 5, lakini ukiwasha ulinzi wote ni Mbps 600. Kwa laini ya Mbps 50 bado inatosha na kubaki. Ninachosema ni usome mstari wa chini. Uliza pia bei ya leseni ya mwaka wa pili na wa tatu kabla ya kulipia boksi. Leseni ikiisha, sheria na VPN zinaendelea kufanya kazi, ila kinga haipati taarifa mpya, na kichujio cha makundi ya tovuti kinaweza kuanza kukataa kila ukurasa kwa sababu hakijui ni wa kundi gani. Kwa ofisi ya watu kumi isiyo na mtu wa kufuatilia leseni, MikroTik iliyopangwa vizuri inashinda boksi la mamilioni lililokwisha muda. Anayetaka pfSense kwenye kompyuta ya zamani atafute kadi mbili za mtandao za Intel, maana za Realtek husumbua, na wakati wa kusakinisha achague ZFS kuwa mfumo wa kuhifadhi mafaili; inavumilia umeme kukatika ghafla kuliko UFS.

Ukaguzi wa HTTPS, yaani faiwoli kufungua na kusoma mawasiliano ya tovuti yaliyofichwa kwa msimbo, unauzwa kwa maneno matamu. Ukiuwasha bila kuweka cheti cha faiwoli kwenye kila kompyuta, watu watapata onyo kila tovuti, na programu za benki kwenye simu zitagoma hata ukiweka. Ziache nje ya ukaguzi tovuti za benki, za TRA na kompyuta inayotoa risiti za VFD. Kwa ofisi ndogo, kuchuja kwa DNS na kuzuia UDP 443 ili vivinjari virudi njia ya kawaida kunatosha sana.

Umeme na vumbi visikutie hasara. hEX ya RB750Gr3 inakula wati 10 kwa juu na inapokea volti 8 hadi 30, hivyo betri ya volti 12 yenye chaja yake inaibeba masaa mengi. Boksi lenye feni lipulizwe vumbi kila baada ya miezi mitatu, hasa kiangazi. Waya wa shaba unaoshuka kutoka antena ya paani uwekewe kizuia radi na nondo ya ardhini kabla ya mvua za Desemba. Poti ya kwanza ya ruta ndiyo hufa mara nyingi.

Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, zinaweza kuamka na tarehe ya 1970, VPN za vyeti zikakataa na kumbukumbu za matukio zisisomeke. Washa NTP, inayochukua saa sahihi kutoka intaneti, uweke Africa/Dar_es_Salaam. Kumbukumbu zenyewe MikroTik huziweka kwenye RAM, mistari 1,000 tu, na umeme ukikatika zimekwenda. Zitume kwenye kompyuta nyingine kwa syslog, poti 514.

Mwisho wa kazi, fundi akuachie vitu viwili kwenye flashi: faili la *backup*, linalofaa kurudishwa kwenye kifaa kilekile, na faili la *export* linalosomeka kama maandishi, ambalo utalihitaji kifaa kikiungua na kununua kingine. Kwenye toleo la 7 *export* huficha nywila na funguo usipoiambia izionyeshe, kwa hiyo lifungueni pamoja kabla hajaondoka, muone kama ufunguo wa WireGuard umo. Nywila ya ruta iwe kwenye bahasha kwa mhasibu. Fundi akitaka kufungua poti yoyote baada ya hapo, aandike kwenye maelezo ya sheria: nani ameomba, ya nini, na tarehe ya kuifunga.